Moshi wa Makande

Siku Baraza la Hewa lilipopanda mlima kuja Mseko, kijiji kizima kiliamka mapema. Kila mwenye nyumba alitoka uani na mswaki mdomoni, akainua shingo kuitazama taa iliyo juu ya paa lake. Akiiona nyeupe alishusha pumzi, akaendelea kusugua meno, kisha akaichungulia na ya jirani, maana binadamu hatuishiwi hamu ya kujua ya wenzetu.

Nakijwa Mshana hakuwa na haja ya kuinua shingo. Alikuwa amekaa kitandani katika chumba alicholala utotoni, nyumbani kwa mama yake, na taa zote za Mseko alikuwa nazo kwenye kishikwambi. Zote zilikuwa nyeupe isipokuwa ya Eliamini Mmbaga, iliyobaki na rangi ya chungwa tangu mwenyewe alipohama kijiji. Hiyo haikumsumbua. Nyumba isiyo na mtu haina jiko, na Baraza lilikuwa linakuja kuangalia majiko.

Ni yeye aliyebuni zile pua. Watu walimwita Mama Pua, jina alilojifanya halipendi. Pua yenyewe ni kigae cha kauri, ukubwa wa jani la mchungwa, kinachobandikwa chini ya upenu. Kinanusa mkaa, kuni, mafuta ya taa, dizeli na makaa ya mawe, na kinajua kipi ni kipi. Kikinusa humwarifu Mgawi, akili unde ya kijiji, naye Mgawi huinusisha mara ya pili ili asimwonee mtu. Akiridhika, huibadilisha taa ya paa kutoka nyeupe kuwa ya chungwa.

Taa peke yake isingemtisha Mpare. Kilichowatisha ni kwamba Mgawi huyo huyo ndiye aliyeshika maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa. Mababu walilichimba kukusanya maji ya kijito yalale, asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Mseko siku hizi ina ndiva mbili, ya juu na ya chini. Mchana kutwa paneli za sola husukuma maji yapande, na jua likizama maji huteremka bombani, yakazungusha mtambo, kijiji kikapata umeme wa kupikia na kusomea. Yakishafanya kazi hiyo ndipo hugawiwa kwenye tangawizi. Nyumba yenye taa ya chungwa hupelekwa mkiani mwa zamu, na kiangazi kikiwa kikali namna ile, aliye mkiani huambulia matope.

Sasa Baraza lilikuwa linakuja kwa sababu ya kiwanda cha saruji kule tambarare. Kiwanda hicho kilikuwa bado kinachoma makaa ya mawe kwa kibali maalumu, na kibali kilikuwa kinaomba kuongezwa uhai. Watu wa bondeni wanakohoa, ndio, alikiri wakili wa kiwanda mbele ya Baraza, lakini nani kasema ni moshi wetu? Hao wanaolalamika nao wana majiko, na Mseko juu yao pia. Baraza likasema litapanda kujionea. Zikiwa nyeupe taa za Mseko, kisingizio hicho kingekufa, kiwanda kingelazimika kuzima tanuri la makaa ya mawe na kujenga la umemejua. Nakijwa alikuwa ameipigania siku hiyo nusu ya maisha yake.

Ndipo kishikwambi kilipotetemeka mkononi. Pua moja ilikuwa imenusa mkaa, na Mgawi alikuwa anasubiri kuinusisha mara ya pili. Nakijwa alisoma jina la mwenye nyumba, akalisoma tena. Lilikuwa la mama yake.

*

Alitoka mbio, peku. Jiko la uani lilikuwa limefungwa mlango. Alipousukuma, joto lilimpiga usoni, na katikati ya chumba akaliona jiko la mkaa, lile la zamani alilodhani limeshatupwa, limewaka jekundu. Juu yake lilikaa sufuria la shughuli, kubwa la kumwogeshea mtoto. Hakuwa na haja ya kufunua. Harufu ya mahindi na maharage yanayochemka taratibu aliijua tangu hajajua kutembea.

Makande.

Mama yake hakuwapo. Sauti yake ilisikika ng'ambo ya uzio, anaazima miiko kwa jirani, anacheka. Siku hiyo ilikuwa pia ya msaragambo, kijiji kizima kingeshuka kuzoa tope la ndiva ya juu, na Bi Navoneiwa Mshana alikuwa mpishi wa msaragambo tangu Nakijwa akiwa mgongoni. Watu wanaochimba tope hupewa makande. Huwezi kuwapa wali, watakuuliza chakula kiko wapi.

Nakijwa alisimama pale akitazama lile jiko la umeme pembeni, safi, limezimwa, na aibu ikaanza kumpanda. Aliielewa hesabu yote papo hapo, kwa kuwa aliifanya mwenyewe. Mgao wa umeme wa kila jiko ulipopangwa, wenzake wa mradi walimuuliza watu wa kwao wanapika nini. Akasema ugali na wali. Makande huchemka nusu siku. Mgao hautoshi hata kuyalainisha ngozi. Alijua. Lakini shule ya bweni wasichana walikuwa wamempa jina la Makande, wakimwimbia bwenini, na mbele ya wale wataalamu wenye mashati ya kunyooshwa ulimi wake ulikataa kulitamka neno hilo. Akaona ni jambo dogo, litarekebishwa baadaye. Halikurekebishwa.

Na sasa taa ya mama mzazi wa Mama Pua ilikuwa inakaribia kuwaka chungwa mbele ya Baraza. Aliiona tayari picha yake kwenye simu za nchi nzima. Alimsikia wakili wa kiwanda akicheka.

Ufunguo wa mafundi ulikuwa humo humo kwenye kishikwambi, kwa ajili ya pua zilizoharibika. Alitia dole gumba. Akaifuta harufu ya mkaa kwenye pua ya mama yake kama mtu anayefuta jasho.

Nisimtetee. Alijua kitakachofuata, kwa kuwa kanuni aliiandika yeye. Enzi za maandamano, viwanda vilikuwa na tabia ya kusema moshi umetokea tu, haujulikani ulikotoka. Waandamanaji wakabeba mabango: Kila moshi una mwenyewe. Nakijwa akaligeuza bango kuwa kanuni ndani ya Mgawi. Pua moja ikikana, Mgawi hauachi moshi uende bure. Humtafuta jirani aliyeupata kwa mbali, akamwandikia yeye. Nakijwa alijiambia kwamba jirani wa upande wa upepo yuko mbali, kwamba harufu itakayomfikia ni nyembamba, haitafika kiwango. Alijiambia hivyo haraka haraka, asije akajisikia.

Mama yake aliingia na miiko mitatu kwapani.

"Umeamka, mwanangu. Umeuona moto?"

"Nimeuona, mama."

"Vizuri." Bi Navoneiwa alimtazama usoni kwa muda, akatabasamu kwa namna ambayo Nakijwa hakuielewa, kama mtu aliyeondolewa mzigo. "Nilifikiri utanipigia kelele. Basi nenda kapokee wageni wako. Mimi nitafuata na sufuria."

*

Kutoka ukingoni mwa ndiva ya juu mtu anayaona mapaa yote ya Mseko. Ndiyo maana Nakijwa aliwaleta Baraza hapo. Ndiva ilikuwa imekaushwa kwa ajili ya msaragambo, tope limebaki jeusi chini, na katikati yake kimesimama kigingi cha mti mgumu. Watu walikuwa wameshajipanga ukingoni na majembe na makarai. Walikuwa wamevaa nguo za kazi, lakini wanawake wengi walikuwa wamejifunga vitenge vipya juu yake, kwa heshima ya wageni.

Bi Chausiku Ligoha, mwenyekiti wa Baraza, alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache. Alishuka garini, akasalimiana na wazee, akaweka kiganja juu ya macho na kuanza kuyatazama mapaa. Nyuma yake alisimama wakili Kamuhabwa wa kiwanda, viatu vyake vimeshachafuka.

"Ile ya chungwa pale chini?" aliuliza Bi Ligoha.

"Hiyo ni ya Eliamini," alijibu Mzee Mcharo, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, aliyevaa baragumu shingoni kwa kamba ya ngozi. "Haina mtu. Pua ilimkamata na moshi, akakana. Desturi yetu mwenye taa huingia topeni peke yake, akachimba mpaka kwenye kigingi kile. Akifika, baragumu linapigwa, sote tunashuka kumsaidia, na taa yake inafutwa. Yanaisha. Yeye akasema haingii kwa kosa asilolifanya. Maji yakampita, tangawizi ikakauka, akahama. Sasa ni mlinzi huko huko kiwandani kwa huyu bwana."

"Baragumu unapiga wewe?"

"Kwa kawaida hupiga aliyekosewa. Mtu akimwibia mwenzake maji, basi mwenye maji ndiye mwenye baragumu. Ila moshi umetukosea sote, kwa hiyo napiga mimi."

"Pua haidanganyi, mama," alidakia mwanamke mmoja kutoka kwenye mstari. "Tulimwambia Eliamini hivyo hivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia."

Huyo alikuwa Mama Mbonea. Kama kuna mtu Nakijwa alimpenda Mseko baada ya mama yake, ni huyu. Mumewe alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda mpaka kifua kikamwishia. Baada ya mazishi, Mama Mbonea alishuka tambarare akaungana na maandamano, na yeye na Nakijwa walilala nje ya geti la kiwanda wakijifunika kitenge kimoja. Pua ya kwanza kabisa kubandikwa Mseko ilibandikwa kwenye upenu wake, tena kwa kuomba mwenyewe. Alimkonyeza Nakijwa, na Nakijwa akajilazimisha kutabasamu.

"Na ile?" alisema wakili Kamuhabwa.

Wote waligeuka. Chini ya mteremko, nyumba ya bati la bluu jirani na kwa Bi Navoneiwa, taa ilikuwa inapepesa. Ikazimika kidogo, kisha ikawaka chungwa.

Nyumba ya bati la bluu ilikuwa ya Mama Mbonea.

*

Angekuwa mtu mwingine, angepiga kelele. Mama Mbonea alisimama tu akiitazama taa yake, mdomo wazi, mkono umeshika mpini wa jembe.

"Umewasha nini, Mama Mbonea?" aliuliza Mzee Mcharo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba ajibiwe vizuri.

"Sijawasha kitu." Alifikiri. "Sina hata kiberiti ndani." Akafikiri tena, na Nakijwa akaona jinsi uso wake unavyobadilika, mama wa watu anajipekua mwenyewe, chumba kwa chumba. "Labda ni kuku. Nilichinja kuku kwa ajili ya wageni, nikambabua manyoya kwenye jiko la umeme. Yaliungua, yakanuka sana. Labda ni yale."

"Manyoya si mkaa," alisema mtu mmoja nyuma.

"Sasa itakuwa nini?" Mama Mbonea aliuliza, na akauliza kwa dhati, kama mtu anayetaka asaidiwe kukumbuka. "Pua haidanganyi. Kama imesema, basi nimefanya. Labda nimezeeka, nafanya vitu sivijui."

Aliposema hivyo, Nakijwa alihisi masikio yake yanawaka moto. Alitazama chini. Kucha za miguu yake zilikuwa bado na majivu ya jikoni kwa mama yake, maana alivaa viatu vya wazi bila kunawa, akavificha vidole kwa kuvikunja.

Mama Mbonea hakubishana tena. Alifungua kitenge chake kipya, akakikunja vizuri, akampa mwanamke wa karibu amshikie. Akashuka kingo za ndiva kwa matako, pole pole, mkono mmoja kwenye jembe, na tope likampokea mpaka magotini. Akaanza kuchimba. Kila jembe lilipochomoka lilitoa sauti ya kunyonya, na kila mara alisimama akashika kiuno.

Bi Ligoha alimsogelea Nakijwa. "Mhandisi, usinyong'onyee. Nyumba moja katika kijiji kizima, tena mwenyewe kakiri na anaadhibiwa mbele ya macho yangu. Ningekuwa na wasiwasi kama zingekuwa nyeupe zote. Hii inaonyesha mfumo wenu hauna upendeleo." Alishusha sauti. "Kwa niliyoyaona, kile kibali sidhani kama kitaongezwa."

Nakijwa alimtazama Mama Mbonea akiinua jembe.

Ushindi ulikuwa umefika, umesimama mbele yake. Angenyamaza tu. Tanuri lingezimwa, watoto wa bondeni wangelala bila kukohoa, na gharama yake yote ingekuwa tope kidogo kwenye miguu ya mwanamke mmoja, ambaye jioni angepigiwa baragumu na taa yake ikafutwa. Na akisema ukweli? Wakili Kamuhabwa hakuwa mjinga. Pua zilizobandikwa kwenye bomba la moshi la kiwanda, ushahidi wote wa miaka ile, ulipita kwenye mikono hiyo hiyo na ufunguo huo huo. Mtu aliyemfutia mama yake moshi anashindwa nini kumwongezea adui yake? Baraza lingelazimika kuutupa wote.

Aliyapanga hayo kichwani na yalikuwa na mantiki. Kilichomtisha ni kwamba yalimjia kwa urahisi mno, tena akiwa anamtazama Mama Mbonea akijifuta jasho na tope. Hakuwahi kujua kwamba yeye ni mtu wa namna hiyo. Alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo, wamevaa tai, wamekaa upande wa pili wa meza, akawazomea.



*

Sufuria lilifika likiwa limening'inizwa kwenye mti, wanawake wawili wamelibeba mabegani, na Bi Navoneiwa anatangulia na miiko yake. Alikuwa anahema kwa mlima. Alipofika ukingoni aliwasalimu wageni, akajitengeneza kilemba, na ilionekana wazi kuwa ana jambo la kusema, na kwamba amelifanyia mazoezi.

"Ndugu zangu wa Baraza, karibuni Mseko. Mimi ni Navoneiwa, mama yake huyu mhandisi. Mtaona taa yangu ni ya chungwa. Msishtuke. Nimeiwasha makusudi."

Watu walitazamana. Yeye hakugeuka nyuma. Alikuwa na hotuba yake.

"Mgao tuliopewa haupiki makande. Sisi tuna umeme safi, tunaushukuru, lakini kila mwanamke hapa amekuwa akiwapa watoto mahindi magumu na kunyamaza, kwa kuogopa taa. Kiwanda kinachoma milima ya makaa na hakina taa hata moja juu ya paa lake. Mimi nikipika chakula cha watu wanaofanya kazi ya kijiji, nanyimwa maji. Nikasema leo nitapika kwa mkaa wa darini, gunia la zamani, taa yangu iwake chungwa, niingie topeni wageni wakiniona, halafu niwaulize hiyo ni haki ya wapi. Na mwanangu ameuona moto asubuhi, hakunizuia. Namshukuru kwa hilo."

Hapo ndipo alipogeuka kuionyesha taa yake kwa mwiko.

Taa ilikuwa nyeupe. Pembeni yake, kwenye bati la bluu, iliwaka ya chungwa. Bi Navoneiwa alizitazama zote mbili. Kisha akatazama chini kwenye ndiva, akamwona jirani yake amesimama topeni na jembe, naye anamtazama.

"Mama Mbonea anafanya nini humo?"

Mwiko ulishuka taratibu. Bi Navoneiwa hakuwa mhandisi, lakini Nakijwa alikuwa mtoto wake, na akili ya kuunganisha mambo hakuiokota njiani.

"Nakijwa," alisema. "Taa yangu iko wapi?"

Ajabu ni kwamba baada ya kuhangaika kote kule, jibu lilitoka lenyewe.

"Nimeifuta, mama. Niliona aibu. Moshi ukahamia kwa Mama Mbonea." Alijilazimisha kupaza sauti ili watu wa mbali wasikie. "Mama Mbonea hajawasha kitu. Nilijua tangu taa yake ilipobadilika. Nilikuwa nanyamaza."

Wakili Kamuhabwa alikuwa mtu wa adabu, alisubiri kidogo. "Mwenyekiti," alisema kisha, taratibu, "naomba maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Na naomba tuzungumzie pua za kwenye bomba letu."

Bi Ligoha alimtazama Nakijwa kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Yataingia," alisema. "Na pua zote zitawekwa pembeni. Tutaanza upya, kwa vipimo vya watu wengine. Kama tutaanza." Kisha akamgeukia Bi Navoneiwa. "Habari ya mgao nayo itaingia, mama. Hiyo nimeisikia."

"Nirudishie taa yangu," Bi Navoneiwa alimwambia mwanawe, kana kwamba hakusikia mengine. "Niliikubali mwenyewe. Hukuwa na ruhusa."

Nakijwa alitoa kishikwambi. Ilibidi arudie dole gumba mara mbili. Chini ya mteremko taa moja ikageuka nyeupe na nyingine ikawaka chungwa, na mama yake akatikisa kichwa, akaenda kusimama kando ya sufuria lake.

Kutoka chini topeni, Mama Mbonea alizungumza. Hakuwa analia wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo inaweza kudanganya."

"Si pua, mama. Ni mimi."

"Nakuuliza, binti yangu. Moshi unaweza kuwa wa mtu, ukaandikwa kwa mwingine."

"Ndiyo. Pua ya mwenye moshi ikifutwa." Na hapo Nakijwa akasita, kwa kuwa jambo jipya lilimjia, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria, yeye aliyeiandika ile kanuni. "Au ikiziba. Nyigu wakijenga ndani yake, au vumbi likijaa. Mgawi angefanya vile vile. Angemtafuta jirani."

"Kwa hiyo Eliamini."

Nakijwa aliitazama taa ya Eliamini kule chini.

"Eliamini alisimama hapo ulipo wewe," alisema Mama Mbonea. "Akaapa kwa jina la mama yake. Nikamwambia pua haidanganyi. Nikawazuia watoto wasimsalimie. Siku anahama alipita mlangoni kwangu kuaga, sikutoka. Alikuwa anasema kweli?"

Watu wote wa Mseko walikuwa wanamtazama Nakijwa, na nyuso zao hazikuwa za kushutumu. Kila mmoja alikuwa anakumbuka alichosema yeye siku ile.

"Sijui," alisema Nakijwa. "Sikuwahi kuangalia."

Mama Mbonea alitikisa kichwa. Akapanda kutoka topeni kwa shida, watu wakamvuta mikono, akarudishiwa kitenge chake. Akamkabidhi Nakijwa jembe, na Nakijwa akavua viatu, akashuka. Tope lilikuwa baridi kuliko alivyokumbuka.

Mzee Mcharo alilitoa baragumu shingoni. Alisitasita, kisha akamnyooshea Mama Mbonea kwa mikono miwili. "Leo aliyekosewa tunamjua," alisema. "Akifika kwenye kigingi, utapiga wewe."

Mama Mbonea alilipokea. Aliligeuza geuza, akalifuta tope la vidole vyake kwa ncha ya kitenge. Alitazama nyumba ya Eliamini kule chini, na lile bonde refu linaloteremka mpaka kwenye moshi mweupe wa kiwanda, anakolinda Eliamini sasa.

"Aliyekosewa si mimi peke yangu," alisema. Akalivaa baragumu shingoni, akalifunika na kitenge, akaanza kuteremka njia ya tambarare na miguu yake ya tope. Mtu mmoja alimwita asubiri gari la Baraza. Hakugeuka.

Watu walibaki ukingoni na majembe yao. Bila baragumu hakuna awezaye kushuka. Bi Navoneiwa alifunua sufuria, akaanza kupakua, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeiva na watu walikuwa na njaa. Walikula wamesimama, hata wageni, hata wakili.

Nakijwa alichimba. Jua lilipokuwa limepinda upande wa pili wa mlima alifika kwenye kigingi, akakigusa kwa mkono, akainua uso. Kisha akakipita, akaendelea kuchimba.